Wenye maduka wa Uingereza walipopiga chapa hela zao wenyewe (1649–1672)

Mdau_wa_Sarafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Humu tukizungumzia historia ya pesa huwa tunaanzia kwa wafalme: nani alipiga dhahabu, nani aliweka sura yake kwenye fedha. Leo naleta uzi wa hela ya chini kabisa, ile ya kununulia mshumaa au kipande cha mkate. Waliotengeneza hela hiyo walikuwa wenye maduka, waoka mikate, wauza tumbaku, wenye nyumba za wageni na wajane wa Uingereza, kati ya mwaka 1649 na 1672. Kila mmoja alipiga sarafu yenye jina lake, mtaa wake na alama ya duka lake. Aina zinazojulikana mpaka leo zinazidi 10,000. Wakusanyaji huziita tokeni, nami nitatumia neno hilo.

Tatizo lilikuwa chenji. Wote tumewahi kurudishiwa pipi au kiberiti dukani badala ya hela, tukaondoka tumenuna. Wenzetu wa Uingereza hali hiyo iliwakaa vizazi kadhaa, na kwao haikuwa jambo la kununa tu.

Angalieni hesabu yao. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, shilingi ikawa peni 12, na peni ikagawanyika robo nne. Kibarua wa ujenzi kusini mwa Uingereza katikati ya karne ya 17 alilipwa takriban peni 12 kwa siku. Kwa mtu huyo robo peni ni hela kamili. Ndiyo ya bia, ndiyo ya mshumaa, ndiyo ya maziwa ya mtoto. Lakini serikali ilipiga fedha na dhahabu peke yake. Robo peni ya fedha ilishaachwa tangu karne ya 16 kwa kuwa ilikuwa ndogo mno. Nusu peni ya fedha ilibaki, nayo uzito wake haukufika hata theluthi ya gramu. Ikidondoka kwenye sakafu ya udongo umeipoteza.

Kwa nini serikali haikupiga za kutosha? Kazi ya kupiga nusu peni moja ni ileile ya kupiga shilingi moja. Fundi anakata, anapasha, anapiga chapa. Kiwanda cha sarafu pale Mnara wa London kililipwa kwa uzito wa fedha iliyopita mikononi mwao, hivyo ukiwapa ratili ya fedha wakaigeuza shilingi, wamemaliza mapema; wakiigeuza nusu peni, watahangaika mno kwa malipo yaleyale. Kwa hiyo kila kiongozi wa kiwanda alikwepa sarafu ndogo. Matajiri hawakuumia, maana wao walifanya biashara kwa shilingi na pauni. Aliyeumia ni anayenunua kidogokidogo.

Mwaka 1613 Mfalme James wa Kwanza alidhani amepata dawa. Alimpa bwana mmoja wa tabaka la juu, Lord Harington, kibali cha pekee cha kutengeneza robo peni za shaba. Zilikuwa nyepesi kupita kiasi, thamani ya shaba iliyomo ilikuwa sehemu ndogo tu ya thamani iliyotajwa, na faida iligawanywa kati ya mwenye kibali na mfalme. Harington alifariki mwaka huohuo, kibali kikapita kwa wakubwa wengine, na chini ya Charles wa Kwanza mambo yakazidi kuharibika. Vile vibati vilighushiwa kwa wingi mpaka ikabidi watengeneze toleo lenye kipande cha shaba ya njano kilichopachikwa ndani ya shaba nyekundu ili kuwakwamisha waghushi. Wananchi walivichukia. Na waliokuwa wakivitoa hawakuwa na haraka ya kuvipokea tena na kukupa fedha yako.

Halafu vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja. Bunge likavifuta vibali vile mwaka 1644, na Januari 30, 1649 Charles akakatwa kichwa. Mfalme hayupo, kibali hakipo, robo peni hazipo. Serikali ya jamhuri ilitengeneza mifano ya robo peni lakini haikuziingiza sokoni kwa wingi unaotosha.

Wenye maduka wakaamua. Ndani ya miezi michache tokeni za kwanza zikawa mitaani. Baadhi zimeandikwa 1648, jambo linalowachanganya watu, lakini Waingereza wa wakati huo walianza mwaka mpya Machi 25, kwa hiyo Januari hadi Machi ya 1649 kwao ilikuwa bado 1648.

Robo peni ya tokeni ilikuwa na kipenyo cha milimita 15 au 16 na uzito wa karibu gramu moja, ya shaba nyekundu au ya njano. Upande mmoja jina la mwenye duka likizunguka ukingo na alama yake katikati, upande wa pili mji au mtaa na herufi tatu. Nyumba hazikuwa na namba enzi hizo na wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo duka lilijulikana kwa kibao kilichoning'inia mlangoni: simba mwekundu, malaika, nanga, jua. Alama ya kibaoni ndiyo iliyopigwa kwenye sarafu. Ukiwa na tokeni yenye simba, hata kama hujui "a" wala "be", unajua mlango wa kubisha.

Nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja. Karibuni.

---

Mzee_wa_Kibanda

Mkuu umeanza vizuri. Mimi nina duka, kwa hiyo nauliza kidukani. Mteja amenipa peni ya fedha, kanunua kitu cha robo peni, nimemrudishia vibati vitatu vyenye jina langu. Kesho anakwenda kwa muuza nyama mtaa wa tatu, anatoa kibati changu. Muuza nyama anakipokea kwa nini? Hanijui, hanidai.

---

Mdau_wa_Sarafu

Mzee, hapo umegusa penyewe.

Anakipokea kwa sababu anakujua. Hivyo tu. John Evelyn, aliyeishi enzi hizo, aliandika mwaka 1697 kwamba tokeni hizi zilipita kwa majirani na mara chache zilivuka mtaa mmoja au miwili. Wanaozichimba leo mashambani wanaona jambo linalofanana na hilo: nyingi hupatikana maili chache tu kutoka mji ulioandikwa juu yake. Hela hii ilifika pale jina lako linapofika. Ukivuka mto ukaenda mji mwingine, ni kipande cha shaba.

Sasa muuza nyama akishakusanya vibati vyako, vya muuza mishumaa na vya mwenye baa, anafanyaje? Wafanyabiashara walikuwa na visanduku vyenye vyumba vidogovidogo. Kila chumba kina tokeni za mtu mmoja. Chumba chako kikijaa, muuza nyama anamtuma kijana na mfuko dukani kwako, nawe unatoa fedha. Na wewe chumba chake kikijaa unafanya vivyo hivyo. Mara nyingi nadhani walikatana tu: zangu kwako, zako kwangu, tofauti inalipwa kwa shilingi.

Wengine waliandika ahadi hiyo juu ya sarafu yenyewe. Kuna tokeni inayosema, kwa maneno ya mashairi mafupi, kwamba ukipenda wakati wowote nitakubadilishia. Nyingine nyingi zimeandikwa "kwa chenji ya lazima". Nayapenda sana maneno hayo. Mwenye duka anajitetea mbele ya sheria na mbele ya mteja kwa pamoja: sikufanya hivi kujigeuza mfalme, nimefanya kwa sababu haikuwezekana kuuza.

---

Karafuu_Wete

Assalam alaykum wadau. Nimewahi kuona picha ya tokeni moja ya London ina ngao yenye vitu kama karafuu. Niliikuza picha mara kadhaa, mimi mtoto wa Pemba siwezi kukosea karafuu. Ndiyo yenyewe au macho yangu?

---

Mdau_wa_Sarafu

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Ndiyo yenyewe.

London kila kazi ilikuwa na chama chake chenye nembo. Chama cha wauza viungo na vyakula vya jumla, kilichokuwa miongoni mwa vikubwa kabisa, nembo yake ni ngao yenye utepe mwekundu katikati, uliokunjwa kama paa la nyumba, na karafuu tisa nyeusi, sita juu na tatu chini. Mwenye duka la viungo aliyekuwa mwanachama, na hata ambaye hakuwa mwanachama huko mikoani, alipenda kuweka nembo hiyo kwenye tokeni yake, kwa hiyo karafuu zimejaa kwenye sarafu hizi. Kwenye kipande cha milimita 16 karafuu tisa zinabanana na wachongaji wengine walipunguza idadi.

Ila karafuu hizo hazikutoka kwenu. Karne ya 17 Unguja na Pemba hazikuwa na mikarafuu. Ilikuja mwanzoni mwa karne ya 19 na ikastawi chini ya Sayyid Said. Za wakati wa tokeni zilitoka visiwa vya Maluku (Indonesia ya leo), na Waholanzi walikuwa wameshika biashara ile kwa mkono wa chuma. Katika miaka hiyohiyo ya 1650 walikuwa wakiing'oa mikarafuu ya visiwa vingine ili ibaki Ambon na visiwa vya jirani tu, bei isishuke. Kwa hiyo pale London mtu anayenunua karafuu chache kwa robo peni ya dukani alikuwa mwisho wa safari ndefu na chungu kwa watu wengine.

Nembo nyingine utakazokutana nazo ni mapipa matatu ya wauza mvinyo, njiwa wa watengeneza mishumaa ya mafuta ya wanyama na kichwa cha msichana cha wauza vitambaa. Wauza sukari waliweka sukari ngumu iliyofinyangwa umbo la pia iliyosimama, maana ndivyo sukari ilivyouzwa, ukakatiwa kipande. Muuza tumbaku utamjua kwa msokoto wake.

Na kahawa! Duka la kwanza la kahawa London lilifunguliwa mwaka 1652, na kahawa yote ilitoka Yemen. Wenye migahawa ya kahawa walipiga tokeni nzuri kuliko wote. Mmoja aliyekuwa kwenye uchochoro karibu na soko kuu la wafanyabiashara aliweka kichwa cha Sultani Murad wa Uturuki chenye kilemba, na mistari miwili ya shairi inayosema kwamba watu walimwita Murad Mkuu na kila alikokwenda alishinda. Jina la sultani wa Kiislamu lilikuwa likizunguka mifukoni mwa Walondoni kama chenji ya kikombe cha kahawa.

---

Mama_Wawili

Naomba kuuliza kuhusu zile herufi tatu. Umezitaja ukapita. Ni nini?

---

Mdau_wa_Sarafu

Dada, ahsante kwa kunirudisha hapo, maana ndiyo sababu hasa ya mimi kuzipenda sarafu hizi.

Herufi tatu hupangwa kama mafiga, moja juu na mbili chini. Ya juu ni ya jina la ukoo. Ya chini kushoto ni ya jina la mume. Ya chini kulia ni ya jina la mke.

Ya mke. Kwenye hela.

Katika nchi ambayo sheria yake ilisema mali ya mwanamke aliyeolewa ni ya mumewe, ambayo mwanamke hakuwa na kura wala nafasi kwenye baraza la mji, maelfu ya wake wa wenye maduka wana herufi yao kwenye chombo cha malipo. Wala si heshima ya kupambia. Ni hali halisi ya duka. Mume anakwenda kununua bidhaa, mke ndiye aliyesimama kaunta, ndiye anayepima, ndiye anayejua nani kakopa nini. Aliyekupa kile kibati mkononi ni yeye. Kwa mteja, dhamana ya sarafu ile ilikuwa nyumba nzima ya watu wale wawili.

Mume akifa, mjane anaendelea na duka. Tunazo tokeni za wajane zenye jina kamili la mwanamke likizunguka ukingo, na katikati alama ileile ya kibao. Watafiti wamelinganisha tokeni na vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vya parokia, na vitabu vya kodi ya meko iliyotozwa kuanzia 1662, ambapo nyumba ililipiwa kwa idadi ya meko. Ukiunganisha hivyo unapata mtu: aliolewa lini, nyumba yake ilikuwa na meko mangapi, alizikwa lini. Mwoka mikate wa mji mdogo wa karne ya 17 ambaye hakuacha barua wala picha, ameacha kipande hiki.

Halafu kuna London yenyewe. Moto mkuu wa Septemba 1666 uliteketeza nyumba zaidi ya 13,000 na makanisa ya parokia 87. Mitaa mizima ya maduka ilikwisha kwa siku nne. Tokeni zilizopigwa kabla ya moto zinataja vibao, vichochoro na nyumba za wageni zilizoungua, na pengine ndiyo kumbukumbu pekee tuliyobaki nayo kwamba mlango fulani ulikuwa na malaika au nanga.

---

Mama_Wawili

Nimeisoma mara mbili. Mama yangu alikaa kaunta maisha yake yote na leseni ina jina la baba. Endelea mwalimu.

---

Hoja_Kinzani

Wakuu, niruhusiwe kutofautiana kidogo. Mnazisifia sana. Mimi naona mwenye duka hapa anakopa kwa maskini bila riba. Anatoa shaba ya thamani ndogo, anapokea fedha halisi. Tokeni ikipotea, faida yake. Akifilisika au akifa bila mrithi, aliyeshika vibati kaliwa. Na mwenye kushika vibati vingi ni yule kibarua wa peni 12. Hapo huruma iko wapi?

---

Mdau_wa_Sarafu

Ndugu, hoja yako ni ya kweli na watu wa wakati ule waliisema. Shaba iliyomo haikufikia thamani iliyotajwa, tofauti ni ya mwenye duka, na zile zilizoangukia mtoni, kwenye nyufa za sakafu na mashambani hakuna aliyezidai. Mto Thames wenyewe ni shahidi: mpaka leo maji yakikupwa, watu wenye kibali cha mamlaka ya bandari wanazipata kwenye tope. Kila moja ni deni ambalo halikulipwa.

Nami sidai kwamba kila mwenye duka alikuwa mwema. Wengine walizitoa ili mteja asiweze kununua pengine. Ukiwa na vibati vya duka moja, utarudi duka hilohilo. Hilo ni kumfunga mtu kamba.

Lakini linganisha na kilichokuwepo. Vibati vya Harington na waliomfuata vilikuwa na dosari hizohizo zote, tena aliyevitoa alikaa ikulu, humfikii. Huyu wa mtaani unamfikia. Akikataa kukubadilishia, kesho mtaa mzima unajua, na duka lake linaishi kwa sifa. Kati ya mdaiwa usiyemwona na mdaiwa anayekutana nawe kanisani kila Jumapili, mimi nachagua wa pili. Wananchi nao walichagua hivyo. Hakukuwa na sheria iliyowalazimisha kupokea tokeni ya mtu, na bado walizipokea kwa zaidi ya miaka 20.

Na miji mingi iliona hatari hiyohiyo unayoisema, ikaingia yenyewe. Bristol walitoa robo peni ya mji mwaka 1652, yenye nembo yao ya merikebu na ngome, na Norwich na Oxford nao walikuwa na zao. Huko aliyedaiwa ni baraza la mji, haliwezi kufa wala kutoroka usiku. Sehemu nyingine walioitoa ni wasimamizi wa maskini wa parokia, na imeandikwa juu yake kwamba faida ni ya maskini. Yaani ile tofauti ya thamani unayoilalamikia iliingia kwenye mfuko wa kuwalisha wasiojiweza. Kwangu hilo ndilo jibu zuri kuliko yote waliyoyapata.

---

Hoja_Kinzani

Hilo la parokia sikulijua. Nimekuelewa, ingawa bado nasema wengi waliliwa.

---

Fundi_Chuma

Upande wa ufundi vipi? Kila mwenye duka alikuwa na mashine yake?

---

Mdau_wa_Sarafu

Hapana mkuu. Kazi nyingi ilifanyika London. David Ramage, aliyekuwa fundi wa kiwanda cha serikali pale Mnarani, anajulikana kwa kuwachongea wenye maduka chapa nyingi sana. Mtu wa mji wa mbali alituma maelezo yake, pengine kupitia mfanyabiashara anayekwenda London kununua bidhaa: jina, mji, alama, herufi tatu. Baada ya muda mzigo unarudi naye. Ndiyo maana utakuta majina ya watu na miji yameandikwa kwa tahajia za ajabu. Mchongaji hakuwahi kufika huko.

Shaba ilifuliwa ikawa bamba jembamba, ikakatwa viduara, kisha kila kiduara kikapigwa kati ya chapa mbili za chuma. Mwanzo zilikuwa robo peni karibu zote. Katika miaka ya 1660 nusu peni zikaongezeka, na peni nzima zikaonekana mwishoni. Wakati huo ndipo walipoanza mbwembwe za maumbo pia: za pembe nne, za pembe nane, hata za umbo la moyo. Umbo la moyo ni zuri kulitazama na ni rahisi kulitambua kwa vidole gizani.

---

Karafuu_Wete

Ziliishaje?

---

Mdau_wa_Sarafu

Serikali iliamka. Charles wa Pili alirudi kwenye kiti mwaka 1660, na Agosti 1672 akatoa tangazo: nusu peni na robo peni za shaba za mfalme sasa ni halali, na mtu binafsi atakayeendelea kupiga zake ataadhibiwa. Sarafu mpya zilikuwa na sura ya mfalme upande mmoja na mwanamke aliyekaa, Britannia, upande wa pili, zikapigwa kwa shaba ya Sweden. Tofauti kubwa na za babu yake James ni uzito. Hizi zilikuwa nzito, shaba iliyomo ilikaribia thamani iliyotajwa ukiondoa gharama ya kuzitengeneza. Watu walizikubali.

Tokeni hazikufa siku hiyohiyo. Watu wa mji wa Chester waliendelea, mpaka likatoka tangazo jingine mwaka 1674. Ireland ziliendelea hadi mwishoni mwa muongo ule.

Ninachotaka mkione ni kwamba Ramage na mafundi wenzake, chapa, bamba la shaba, vyote vilikuwepo palepale London tangu mwanzo. Serikali haikukosa ufundi wala malighafi. Ilikosa kujali hela ya mtu mdogo, na ilijali baada ya watu wadogo kuonyesha kwa miaka 23 kwamba inawezekana.

---

Nairobi_Numis

Sasa wadau, niongezee kidogo upande wangu kwa sababu hii hadithi haikuishia 1672. Karne iliyofuata serikali ilizembea tena, nusu peni bandia zikajaa kila mahali. Mwaka 1787 kampuni ya mgodi wa shaba wa Parys, kisiwani Anglesey kule Wales, iliyoongozwa na wakili Thomas Williams, ilianza kupiga peni zake yenyewe zenye kichwa cha kasisi wa kale wa Waselti. Zilikuwa za shaba nzito na zilitumika kuwalipa wachimbaji. Mwaka huohuo John Wilkinson, mwenye viwanda vya chuma, akapiga zake akiweka sura yake mwenyewe kama mfalme. Miaka ya 1790 zikamwagika za kila aina, za maduka, za matangazo, za siasa. Thomas Spence wa London alitumia tokeni kueneza wito wake kwamba ardhi iwe ya watu wote. Waliopinga biashara ya watumwa walipiga zenye picha ya mtu mweusi aliyepiga magoti akiwa na minyororo, na maneno yanayouliza kama yeye si binadamu na ndugu.

Serikali ilijibu mwaka 1797 kwa kumpa kazi Matthew Boulton, mwenye mashine za mvuke kule Soho, Birmingham. Peni yake ilikuwa na uzito wa wakia nzima. Mitambo ya Soho ilipouzwa kwa mnada mwaka 1850, Ralph Heaton alinunua mashine za kupigia sarafu na kuanzisha kiwanda chake mjini humohumo. Kiwanda cha Heaton ndicho kilichopiga rupia ya Mombasa ya 1888, ile ya kampuni ya Imperial British East Africa. Mwenye nayo aiangalie: kuna herufi ndogo H.

---

Mdau_wa_Sarafu

Mkuu wa Nairobi, ahsante sana, huo ni uzi wake kabisa na naomba uufungue. Hiyo ya 1787 ina tofauti moja kubwa na za 1649: mwenye mgodi anamlipa mchimbaji, na mchimbaji hana njia ya kukataa. Yule wa 1649 alikuwa jirani anayekurudishia chenji. Sizipimi kwa mizani moja.

---

Mwana_Diaspora

Wakuu, mimi niko London. Kwenye soko la vitu vya kale nilinunua kibati kimoja kutoka kwenye sahani ya vitu mchanganyiko, na nilikuwa sijui ni nini mpaka leo. Ni cha rangi ya njano iliyofifia, chembamba, kimepinda kidogo. Upande mmoja nasoma SOVTHWARK na herufi tatu katikati, juu C, chini I na E. Upande mwingine jina limelika, lakini katikati kuna kitu kirefu chenye ncha juu. Nikifanyeje?

---

Mdau_wa_Sarafu

Ndugu, hongera. Hiyo V ni U, ndivyo walivyoandika. Southwark ni ng'ambo ya kusini ya Thames, mwisho wa daraja la London, mahali palipojaa nyumba za wageni na maduka ya wasafiri. Kitu kirefu chenye ncha yawezekana kabisa ni sukari ile niliyoieleza, kwa hiyo tafuta muuza viungo na sukari. Jina la ukoo linaanza na C. Herufi I ya mume inaweza kuwa I au J, maana walizitumia kwa kubadilishana, na jina lililoenea kuliko yote ni John, lililoandikwa Iohn. E ya mke mara nyingi ni Elizabeth, lakini usiamini kabla ya kuona kitabu cha ndoa.

Orodha za tokeni zimepangwa kwa wilaya za kale, kisha mji, kisha jina la ukoo. Southwark utaikuta chini ya Surrey. Pitia C zote, angalia yupi ana I na E na alama ya sukari. Ukimpata na jina likatimia, nenda kwenye hifadhi ya nyaraka za parokia, nyingi ziko wazi kwa yeyote, utafute miaka ya 1650 na 1660.

Na tafadhali sana, usiisugue. Si kwa limau, si kwa majivu, si kwa dawa ya meno. Ile rangi iliyofifia ndiyo inayoilinda, na herufi za jina zilizobaki ni nyembamba kiasi kwamba kitambaa kigumu kitazimaliza. Ishike kwa ukingo, iweke chini ya taa inayotoka ubavuni, igeuze polepole upige picha kila pembe. Mara nyingi jina linaloonekana limelika husomeka mwanga ukiwa wa upande. Ziweke picha hapa, tusome pamoja.